Kumzoea Mungu

Kuna swali ambalo vijana Wakristo huulizana, wengine kwa sauti, wengine kimoyomoyo: nikiamka asubuhi sina hamu yoyote ya kuomba, nikapiga magoti tu kwa sababu nimezoea kupiga magoti, je, huo si unafiki? Wengi hujibu kwamba ni unafiki. Mungu anataka moyo, hataki ratiba. Basi huacha, wakisubiri hamu irudi. Hamu nayo haina haraka. Baada ya miezi sita mtu anagundua kwamba hakuiacha sala kwa uamuzi wowote. Ameiacha kwa kuahirisha.

Naomba tulibebe swali hili tulipeleke Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huko mambo mawili yanalifanya swali lisikae kitabuni. La kwanza ni salamu za Waha. La pili ni ndoo ya maji. Nitaanza na salamu.

Muha akikutana na mtu mzima asubuhi hampungii mkono na kupita. Husimama, huinama kidogo, huanza "Mwakeye" huku akipiga makofi ya taratibu, na salamu huendelea: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na makofi yanafuata kila jibu. Mgeni kutoka Dar es Salaam huiona salamu ndefu mno kwa mtu anayewahi gari. Lakini jiulize: yule anayesalimia, je, kila asubuhi anajisikia upendo kwa jirani yake? Hapana. Asubuhi nyingine ana usingizi, nyingine ana deni, nyingine ana kinyongo na huyo huyo anayemsalimia, kwa sababu mbuzi wake walikula maharage. Hata hivyo anainama na kupiga makofi. Hakuna mtu kijijini atakayemwita mnafiki kwa kusalimia bila hisia. Angeitwa jina baya zaidi kama angepita bila kusalimia.

Salamu haidai kwamba nina furaha kukuona. Inasema kwamba wewe upo, mimi nipo, na kati yetu kuna kitu ambacho hasira yangu ya leo haina mamlaka ya kukivunja. Siku ya msiba, siku ya njaa, siku ya kugombania mpaka wa shamba, watu hao wawili watakuwa na mahali pa kuanzia, kwa sababu hawakuacha kusalimiana katika zile siku ambazo salamu haikuwa na maana yoyote. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa jirani, kwa nini tunaidai sala kipimo kingine? Kwa nini Mungu ndiye peke yake tunayemsalimia tu tunapojisikia?

Kiswahili chenyewe kinajua kwamba jambo hili lina ncha mbili. Kumzoea mtu ni kumkaribia hadi ukajua hatua zake gizani. Lakini mtu akikuambia "usinizoee", anakuonya kwamba umevuka mpaka, umeanza kumchukulia kama kitu cha kawaida. Wahubiri wetu hulitumia neno hilo hilo wanapolalamika kwamba kanisa "limemzoea Mungu". Wanamaanisha watu wanaoimba huku wakiangalia saa, wanaosema amina kabla sala haijafika mwisho. Nabii Isaya alishalalamika hivyo katika sura ya 29, juu ya watu waliokuwa karibu kwa midomo na mbali kwa moyo. Kwa hiyo anayeogopa mazoea haogopi kivuli. Neno lile lile linataja ukaribu na linataja dharau, na hakuna kanuni ya kutuhakikishia kwamba tukilianza la kwanza hatutaishia kwenye la pili.

Hofu hiyo ina historia kubwa katika eneo letu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulizaliwa kwa kuchoshwa na Ukristo wa desturi. Mwaka 1929 mmisionari daktari Joe Church alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, na wote wawili walikuwa na kiu ya kitu zaidi ya ubatizo na kadi ya kanisa. Wafuasi wa uamsho ule, Balokole, yaani waliookoka, waliwauliza Wakristo wenzao maswali makali. Waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaomba radhi kwa watu waliokuwa wamewachukia kwa miaka. Walikuwa na msemo wa kutembea nuruni. Kwao dini ya mazoea ilikuwa usingizi.

Ukitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kilichoubeba uamsho huo kwa miongo mingi. Moto wa mwanzo ulipungua, kama mioto yote. Kilichobaki kilikuwa mikutano midogo ya ushirika, wiki baada ya wiki: watu wale wale, mahali pale pale, kusoma, kuungama, kuimba. Yaani harakati iliyopinga mazoea ilidumu kwa sababu ilijenga mazoea mapya. Na mazoea hayo nayo hayakuwa na kinga. Kuungama hadharani kunaweza kugeuka utaratibu: mtu anajifunza ni dhambi zipi zinapendeza kusikika, anaziungama kwa maneno yaliyolainika kwa kutumiwa, na ile dhambi moja inayomtafuna anaiacha nyumbani. Hisia kali haimponyi mtu na unafiki. Inampa tu unafiki vazi lingine.

Basi kama mazoea yanaweza kuoza, na hisia nazo zinaweza kuoza, tunashika nini?

Wanafalsafa wawili wa kale wanasaidia hapa, na inafaa kuwaweka pamoja kwa sababu wanaonekana kupingana. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisema kwamba watu huwa wenye haki kwa kutenda matendo ya haki, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Husubiri kwanza uwe mkarimu ndipo utoe. Unatoa, unatoa tena, na siku moja mkono unafunguka wenyewe. Agostino wa Hippo, mwana wa Afrika Kaskazini aliyeandika zaidi ya miaka 700 baadaye, aliyajua mazoea kwa upande wa mateso. Katika Maungamo yake anaeleza jinsi tamaa iliyotumikiwa inavyokuwa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yanavyokuwa lazima, hadi akajikuta amefungwa mnyororo ambao kila pete yake aliifua mwenyewe.

Hawapingani. Wote wawili wanasema kwamba tendo linalorudiwa halibaki nje ya mtu. Linaingia ndani na kumjenga, liwe jema au baya. Kwa hiyo anayesema "mimi sitaki mazoea katika maisha yangu ya kiroho" hajachagua uhuru. Mazoea anayo tayari. Kitu cha kwanza anachogusa akifumbua macho, jina la kwanza linalomjia akikasirika, uongo mdogo anaoutumia akichelewa kazini: yote hayo ni mazoea, na yanamfinyanga bila kuomba ruhusa. Asichonacho ni yale aliyoyachagua.

Danieli ni mfano ulio wazi zaidi katika Biblia. Sheria ilitoka ya kukataza watu kuomba kwa muda wa siku 30, isipokuwa kwa mfalme. Danieli alikwenda nyumbani, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku. Kitabu kinaongeza jambo dogo ambalo wahubiri huliruka: alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Hakutunga ujasiri mpya asubuhi ile. Aliendelea na kazi ya kawaida. Ushujaa wake ulikuwa umeshalipwa kidogo kidogo, katika mamia ya siku ambazo hakukuwa na simba wala sheria, siku ambazo bila shaka aliomba huku akiwaza kazi za ofisini. Siku ya hatari haitupi nafasi ya kujitengeneza. Inatukuta kama tulivyo.

Hata hivyo mazoea hayazalishi anachokitafuta mwamini. Wafugaji nyuki wa Kibondo, wilaya inayojulikana kwa asali yake, wanaelewa hili kuliko wanafalsafa. Mfugaji anauandaa mzinga, anaupandisha juu ya mti wa miombo, anausubiri. Hawezi kuwaburuta nyuki waingie. Hawezi kutengeneza asali kwa mikono yake hata akiwa na bidii kiasi gani. Lakini asiyetundika mzinga hawezi kulalamika kwamba nyuki hawakumjia. Na aliyeutundika akausahau anaweza kurudi akakuta sisimizi wameumiliki. Mazoea ya kiroho ni mzinga. Mtu anayeujivunia mzinga wake mtupu ni mjinga, na mtu anayeudharau mzinga kwa sababu yeye anataka asali tu ni mjinga pia.

Hapa ndipo nina wasiwasi na namna tunavyoyajenga mazoea haya leo. Programu za Biblia kwenye simu, kama YouVersion, zinakuhesabia siku ulizofungua bila kukosa: siku 10, siku 40, siku 200. Sina ugomvi nazo. Kwa kijana aliye mbali na kanisa lake, anayesoma Zaburi kwenye kiti cha basi la Kasulu, simu hiyo ni neema. Wasiwasi wangu ni juu ya hesabu. Hesabu huanza ikitumikia sala, kisha sala huanza kuitumikia hesabu. Mtu anafungua sura saa 5:58 usiku ili namba isikatike, anaifunga hajui amesoma nini. Siku namba ikikatika kweli, labda alikuwa hospitalini akiuguza, anahisi kama amefukuzwa, na kwa kuwa ameshaharibu rekodi anaona hakuna haja ya kurudi.

Habari ya mana katika Kutoka 16 inaelekea upande mwingine kabisa. Waisraeli waliambiwa waokote ya siku moja. Waliojiwekea akiba waliikuta asubuhi imeingia mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Hakuna aliyepewa sifa kwa siku 40 mfululizo za kuokota. Kila asubuhi kila mtu alianza na kapu tupu, mwaminifu na mlegevu sawasawa. Aliyelala jana aliokota leo. Mazoea ya namna hii hayajengi deni wala akiba mbele za Mungu. Yanajenga mtu anayejua njia ya kurudi.

Sasa nije kwenye ndoo, maana hapa ndipo swali linapouma.

Vitabu vingi vya ibada binafsi vinashauri saa ya ukimya asubuhi: amka mapema, tafuta mahali patulivu, funga mlango, soma, andika, omba. Ushauri mzuri. Lakini mfikirie mama wa kijijini katika wilaya hizi mbili, mwezi wa Julai, baridi ya milimani ikiwa bado nje. Anaamka kabla ya jogoo wa pili. Anakoka moto, anakwenda kuteka maji bondeni, anarudi akipanda mlima na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, anafagia, anapika uji, anawaandaa watoto wa shule, anashika jembe. Mlango wa kufunga hana: chumba kina watu watano. Wakati huohuo mume wake, ambaye huenda ni mzee wa kanisa anayeheshimika, ameketi na Biblia yake kwa utulivu, akimngoja Bwana. Utulivu wake umetoka wapi? Umetoka kisimani, kichwani mwa mkewe.

Silisemi hili kwa kejeli. Ni swali la maadili. Je, sala yangu ya kila siku imesimama juu ya mgongo wa nani? Ukimya si kitu kinachoota chenyewe ndani ya nyumba. Kuna mtu anayeutengeneza kwa kumtuliza mtoto, kuwasha moto, kuchukua zamu. Ibada inayotegemea kazi ya mwingine bila kuiona ina ufa, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Kuna majibu mawili, na moja peke yake halitoshi. La kwanza ni kwamba sala inaweza kufungwa kwenye kazi. Ndugu Laurent, mtawa wa Karmeli jijini Paris katika karne ya 17, alifanya kazi jikoni kwa miaka mingi, na aliwaambia waliomtembelea kwamba kati ya masufuria alikuwa na Mungu sawa na alivyokuwa naye akipiga magoti kanisani. Akina mama wengi wanalijua hili bila kumsoma: sala fupi wakati wa kukoka moto, jina la mtoto mmoja kwa kila hatua ya mlima, wimbo wakati wa kupalilia. Hii si sala ya daraja la pili. Pengine ndiyo iliyobeba Ukristo wa vijiji vyetu kuliko mahubiri yote.

Lakini jibu hilo likiachwa peke yake linakuwa dhuluma yenye maneno matamu. Tunamwambia mama: omba ukiwa na ndoo, Mungu anakusikia, kisha tunarudi kwenye kiti chetu. Jibu la pili ni kwamba mwanamume achukue ndoo. Kama kweli anaamini kwamba saa ya ukimya ni chakula cha roho, basi roho ya mkewe nayo ina njaa. Asubuhi mbili kwa wiki yeye ateke maji na mke aketi na Kitabu. Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala la jinsia, si la kiroho. Mimi naona ni kipimo kizuri kuliko vingi cha kama sala imemfikia mtu au imeishia kwenye koo.

Kipimo kingine kiko ng'ambo ya shamba. Wilaya hizi zimeishi na wakimbizi kwa muda mrefu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huo huo. Mgao wa chakula umewahi kupunguzwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Kijana anaweza kuzaliwa humo na kukua akisubiri tu.

Mahali kama hapo mazoea ya kiroho yanaonyesha kazi yake nyingine. Siku isiyo na shamba, isiyo na mshahara, isiyo na tarehe ya kurudi nyumbani haina umbo. Jumanne inafanana na Alhamisi. Sala ya alfajiri, kwaya ya jioni, ibada ya Jumapili chini ya turubai huipa siku mifupa. Mtu anabaki kuwa mtu mwenye jambo la kufanya saa fulani, jambo ambalo hakuna ofisi iliyompa na hakuna ofisi inayoweza kulikata. Danieli naye, tukumbuke, aliomba akiwa uhamishoni.

Na kwa mwenyeji? Muha na Mrundi wanasikilizana kwa lugha, na wote humwita Mungu Imana. Asubuhi moja, upande huu wa uzio na upande ule, jina lile lile linatajwa kwa ajili ya chakula cha siku. Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba mkate, aliwafundisha kwa wingi: walimwombea kila mmoja mwenzake. Mtu akisema maneno hayo kila siku kwa miaka 20, kisha kila jioni akawataja watu wa kambini kwa jina la wezi na kuwalipa nusu ya ujira kwa kibarua cha kutwa nzima, tatizo lake silo kwamba aliomba bila hisia. Huenda alilia kila mara. Tatizo ni kwamba aliyasikia maneno yale mara elfu saba na hakuyaruhusu hata mara moja yamdai chochote.

Hapo naona jibu la swali la mwanzo. Unafiki hauko katika kuomba bila hamu. Mwenye kupiga magoti akiwa mkavu kabisa, akasema tu "nimekuja", amesema ukweli wote alionao. Unafiki uko katika kuomba huku ukiwa umeshaamua kwamba sala hiyo haitakugusa: haitagusa ndoo, haitagusa mshahara wa kibarua, haitagusa kinyongo cha mbuzi na maharage. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na ratiba au asiwe nayo, anaweza kuwa na machozi au asiwe nayo.

Kwa hiyo kwa kijana anayeuliza aanze vipi, ningesema aanze na kitu kidogo kiasi kwamba siku mbaya haiwezi kukizuia: zaburi moja, dakika tano, jina la mtu mmoja. Akifunge kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kuwasha jiko au kufunga duka. Aangalie ni nani anayelipia utulivu wake. Na akikosa siku tatu, arudi siku ya nne bila hotuba ndefu ya kujieleza, kama mtu anayerudi kisimani. Maji ya jana yameisha. Hakuna mama Kibondo anayedhani kwamba alikosea kuyateka kwa sababu leo ndoo ni tupu tena.